SAP na jukwaa la programu za simu, 2010 hadi 2022: kilichodumu na kilichotupwa

Kampuni inayoendesha hesabu, ghala, manunuzi na mishahara kwenye SAP, mfumo mkubwa wa biashara wa kampuni ya Ujerumani yenye jina hilo hilo, haikai muda mrefu kabla wafanyakazi hawajaanza kuuliza: mbona haya hayapo kwenye simu? Fundi anataka kuona oda zake za kazi akiwa huko huko kazini. Meneja anataka kuidhinisha manunuzi akiwa safarini. Mtunza ghala anataka kuhesabu mzigo bila kurudi kwenye kompyuta kila baada ya rafu mbili. Hapo muuzaji anakuja na jibu lake: msihangaike, tunalo jukwaa letu la kutengenezea programu za simu, limeshaungana na mfumo mlio nao, na msaada mtaupata kwa watu wale wale.

Jibu hilo linavutia kwa sababu nusu yake ni kweli. Anayeujua mfumo wa nyuma kuliko wote ni aliyeutengeneza. Nusu ya pili, kwamba jukwaa lenyewe litadumu kama mfumo ulivyodumu, ndiyo inayohitaji kuchunguzwa, na kisa cha SAP kinatupa nafasi nzuri ya kuichunguza kwa sababu kimeshatembea zaidi ya muongo mzima hadharani.

Msimamo wangu nauweka mapema. Ukitathmini jukwaa la simu la muuzaji wa mifumo mikubwa, usianze na skrini wala idadi ya vifaa linavyokubali. Anza na swali la kitakachobaki mkononi mwako siku muuzaji atakapobadili njia. SAP ilibadili njia mara kadhaa katika miaka hii, na kila mara walikuwepo wateja waliopoteza karibu kazi yao yote na wengine waliopoteza skrini tu. Kilichowatenganisha ni uamuzi waliouchukua mwanzoni kabisa, mara nyingi bila kujua kwamba ni uamuzi.

Ununuzi wa 2010

Mwezi Mei 2010 SAP ilitangaza kuinunua Sybase, kampuni ya Dublin, California, kwa takriban dola bilioni 5.8, yaani dola 65 kwa kila hisa. Miezi mitatu tu kabla, uongozi wa SAP ulikuwa umebadilika: Bill McDermott na Jim Hagemann Snabe walikuwa wamepewa ukurugenzi mkuu kwa pamoja, na Vishal Sikka akaingia kwenye bodi ya utendaji kama mkuu wa teknolojia. Mkakati wao ulikuwa na miguu mitatu: programu zinazokaa kwenye seva za mteja, programu zinazotolewa kama huduma kupitia intaneti, na programu zinazokaa kwenye kifaa cha mkononi. Huo mguu wa tatu SAP haikuwa nao, au ilikuwa nao kidogo sana. Sybase ilikuwa nao.

Haki isemwe: Sybase haikununuliwa kwa ajili ya simu peke yake. Ilikuwa kampuni ya kanzidata, na SAP wakati huo ilikuwa inaandaa HANA, kanzidata yake yenyewe, na ilitaka kupunguza kumtegemea Oracle, muuzaji mkubwa wa kanzidata. Lakini upande wa simu ndio uliozungumzwa sana mbele ya wateja. Sybase ilikuwa imekusanya vitu kwa miaka mingi: Afaria ya kusimamia vifaa, SQL Anywhere na UltraLite za kuweka kanzidata ndogo kwenye kifaa, pamoja na Sybase Unwired Platform, iliyojulikana kama SUP, ya kutengenezea programu zenyewe.

SUP inastahili kutazamwa kwa karibu, maana kosa lake la usanifu linajirudia hadi leo kwenye bidhaa za wauzaji wengine. Moyo wake ulikuwa kitu kilichoitwa Mobile Business Object, kwa kifupi MBO. Mwandaaji programu alifungua zana iliyojengwa juu ya Eclipse, programu ya kuandikia msimbo, akajiunga na SAP, akachagua BAPI, yaani mlango rasmi wa kuingilia shughuli fulani ya SAP, kisha akachora MBO inayowakilisha oda ya kazi au mteja. Katikati kulikuwa na seva iliyoweka nakala yake yenyewe ya data. Simu zilisawazisha na nakala hiyo, na nakala hiyo ikasawazisha na SAP. Baada ya hapo zana ilizalisha msimbo kwa kila aina ya kifaa: BlackBerry, Windows Mobile, iPhone, Android.

Kwenye wasilisho, mpangilio huu unapendeza. Sasa chukua badiliko dogo kabisa: idara ya matengenezo inataka sehemu moja iongezwe kwenye oda ya kazi, tuseme namba ya mita. BAPI inarekebishwa upande wa SAP. MBO inasomwa upya. Kifurushi kinapandishwa tena kwenye seva ya kati, na jedwali la nakala linabadilika. Msimbo unazalishwa upya, unaunganishwa na programu ya kila kifaa, unajaribiwa, unasambazwa kwa mafundi waliotawanyika, na wakati wote huo matoleo ya zamani ambayo bado yako mikononi mwa watu lazima yaendelee kufanya kazi. Sehemu moja ya data imepita mikono mitano. Zaidi ya hayo, MBO ilisomeka ndani ya SUP tu. Nje ya SUP haikuwa na thamani, kwa hiyo uelewa wote wa kampuni kuhusu oda zake za kazi, ule uliokusanywa kwa miezi ya vikao, ulikuwa umeandikwa kwa lugha ya chombo kimoja.

Njia kuongezeka kabla ya kupungua

Mwaka 2012 mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja. SAP ilitangaza kuinunua Syclo, kampuni ya Illinois yenye jukwaa lililoitwa Agentry, ambalo tayari lilikuwa na programu za matengenezo na huduma zinazotumika kwenye viwanda na mashirika ya umeme. Pia ilitangaza ushirikiano na Adobe, Appcelerator na Sencha ili waandaaji programu waweze kutumia zana walizozizoea na kuziunganisha na jukwaa la SAP.

Hatua ya pili ilisifiwa kwa uwazi wake, na sifa hiyo ilikuwa halali. Ila tazama kilichofuata kwa hizo tatu. Appcelerator ilinunuliwa na Axway mwaka 2016. Sencha ilinunuliwa na Idera mwaka 2017. Adobe ilisitisha PhoneGap, zana yake ya kutengenezea programu za simu, mwaka 2020. Hakuna hata moja iliyobaki na mwenye wake wa 2012 ikiendelea na bidhaa ile ile. Sielekezi lawama popote. Ndivyo soko hili lilivyo. Kwa mtathmini, maana yake ni kwamba kuwepo kwa majina makubwa kwenye orodha ya washirika wa muuzaji hakuongezi sana uhai wa kazi utakayoijenga leo.

Syclo ilikuwa jambo la aina nyingine. Agentry haikuwa na mvuto wa macho, lakini iliwahudumia vizuri watu wanaofanya kazi mahali pasipo na mtandao. Programu ilielezwa kwa data ya maelezo, si kwa msimbo wa kila kifaa, na kifaa kikasoma maelezo hayo na kuchora skrini. Juu yake ilisimama SAP Work Manager, programu ya oda za kazi iliyouzwa na SAP yenyewe. Nimekuwa nikiupima ukweli wa ahadi za muuzaji kwa kigezo hiki kuliko kingine chochote: je, yeye mwenyewe anauza programu zake za kulipia juu ya jukwaa analotaka tulinunue? Agentry ilidumu kwa sababu Work Manager ilikuwa na wateja wanaolipa na SAP isingeweza kuwaacha njiani ghafla.

OData, ambayo haikuuzwa kwa kelele

Wakati wote huu kulikuwa na kazi nyingine ikiendelea ambayo haikupata jukwaa kubwa kwenye mikutano. Mwaka 2011 SAP ilitoa Gateway, sehemu inayokaa juu ya mfumo wa SAP na kuzianika shughuli zake kama huduma za OData. OData ilianzia Microsoft, na toleo lake la 4 likawa kiwango rasmi cha OASIS, shirika la viwango vya kompyuta, mwaka 2014. Ni njia ya kuomba na kuandika data kupitia anwani za kawaida za HTTP, na kila huduma ina hati yake inayoeleza yenyewe ina nini ndani: aina za rekodi, sehemu zake, uhusiano wake.

Rudi kwenye ile namba ya mita. Ikiwa oda ya kazi imeanikwa kama huduma ya OData, sehemu mpya inaongezwa kwenye huduma, upande wa SAP. Programu ya zamani isiyoijua sehemu hiyo inaendelea na kazi zake. Programu mpya inaiona. Na programu hiyo inaweza kuwa ya SAP, ya kampuni nyingine, ukurasa wa kivinjari au jedwali la Excel, kwa maana uelewa wa oda ya kazi ni nini umeandikwa mahali ambapo chombo chochote kinaweza kuusoma.

Mwishoni mwa 2013 SAP ilitoa SAP Mobile Platform 3.0, na uzito ukahamia kwenye OData. Kwa upande wa kutengeneza programu ikaja Kapsel, seti ya programu-jalizi juu ya Apache Cordova, zana ya kuzifunga kurasa za wavuti ndani ya programu ya simu: ya kuingia kwenye mfumo, ya arifa, ya kuhifadhi data kwa usimbaji fiche, ya kusasisha programu bila kupitia duka. Waliokuwa wamewekeza kwenye MBO waliambiwa, kwa maneno ya upole, kwamba kazi mpya zisijengwe tena hivyo. Miaka mitatu na nusu ilikuwa imepita tangu ununuzi wa mabilioni.

Hata hivyo kipande kimoja cha Sybase kiliingia kwenye mpango mpya na kikakaa. SAP ilipoongeza uwezo wa OData bila mtandao, hifadhi iliyowekwa ndani ya simu ilikuwa ni UltraLite, ile kanzidata ndogo. Nataka kukaa hapa kidogo, maana kwa mazingira yetu hapa ndipo tathmini inapofaulu au kufeli. Fundi wa umeme anayefuata mkuza wa njia ya umeme porini, au anayefika kwenye kituo cha kupozea umeme ambako mnara wa karibu uko kilomita nyingi, hana faida na programu inayohitaji mtandao kwa kila bonyezo.

Kazi inavyokwenda ni hivi. Mwandaaji programu anaandika maombi yanayoeleza data ipi ishushwe kwenye simu: oda za fundi huyu, vifaa vinavyohusika, orodha ya vipuri. Asubuhi, pale ofisini penye mtandao, hifadhi inashushwa. Fundi anakwenda. Kila anachoandika kinaingia kwenye foleni ndani ya simu. Mtandao ukipatikana, foleni inapandishwa kwanza, kisha mabadiliko mapya yanashushwa. Mpaka hapo kila muuzaji atakuonyesha.

Mwombe akuonyeshe kinachofuata. Fundi amejaza oda namba fulani akiwa porini, na wakati huo huo msimamizi ofisini ameifunga oda hiyo hiyo ndani ya SAP. Simu ikipandisha foleni, SAP itakataa. Kwenye hifadhi ya SAP, ombi lililokataliwa linaingia kwenye mkusanyiko unaoitwa ErrorArchive, likiwa na ujumbe wa kosa. Jukwaa limefanya sehemu yake. Ila kama aliyeitengeneza programu hakuweka skrini ya kumwonyesha fundi kosa hilo na kumpa njia ya kulirekebisha au kulifuta, kazi ya mchana mzima inabaki imekwama mahali ambapo fundi hapaoni, na ofisini wanaona oda haijajazwa. Nimeona maonyesho mengi ya majukwaa ya wauzaji mbalimbali, na ni nadra mtu wa mauzo kuionyesha hali hii bila kuombwa. Muombe. Azime mtandao mbele yenu, mtu mwingine abadilishe rekodi kwenye mfumo, kisha awashe.

Fiori na kivinjari

Mei 2013, miezi michache kabla ya toleo la 3.0, SAP ilizindua Fiori, kundi la programu 25 za wavuti zenye sura mpya kwa kazi za kila siku kama kuidhinisha likizo na manunuzi. Zilijengwa kwa SAPUI5, zana ya SAP ya kutengenezea kurasa za wavuti, na zilipata data yake kwa OData. Mwanzoni ziliuzwa kando. Wateja walikasirika: walikuwa wanalipia mfumo, wanalipia matengenezo yake kila mwaka, na sasa waliambiwa walipie pia sura ya kistaarabu ya kuutumia. Vikundi vya watumiaji, kikiwemo DSAG cha nchi zinazozungumza Kijerumani, vilisema wazi. Juni 2014 SAP ilikubali, Fiori ikawa sehemu ya leseni ambayo mteja tayari anayo.

Kwa tathmini yetu, uamuzi huo ulikuwa mkubwa kuliko ulivyoonekana. Sehemu kubwa ya maombi ya programu za simu ndani ya kampuni ni ya kuidhinisha na kutazama. Meneja anayeidhinisha manunuzi mara tatu kwa siku hahitaji programu iliyotengenezwa kwa lugha ya simu yake, kivinjari kinamtosha. Baada ya Juni 2014, sehemu hiyo ya mahitaji haikuwa na sababu tena ya kununuliwa jukwaa la simu. Kampuni zilizokuwa zimenunua leseni za jukwaa kwa watumiaji elfu kadhaa kwa hesabu kwamba kila mwidhinishaji ataihitaji zilijikuta zimelipia kitu ambacho wengi wao hawakukifungua.

Palikuwa pia na Fiori Client, programu ndogo iliyoifunga Fiori ndani ya ganda la Cordova ili ipate kamera na arifa. Hatima ya maganda ya aina hiyo iliamuliwa na mtu mwingine kabisa. Apple iliamua kuachana na UIWebView, kiungo cha zamani cha kuonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu, na kuanzia Aprili 2020 programu mpya zinazokitumia hazikupokelewa tena kwenye App Store. Kila aliyekuwa na programu ya Cordova iliyosimama juu ya kiungo hicho alilazimika kuigusa, hata kama biashara yake haikuwa imebadilika hata kidogo.

Muuzaji wa mifumo mikubwa, hata awe na nguvu kiasi gani, hana umiliki wa ardhi anayojenga juu yake upande wa simu. Mwenye ardhi ni Apple na Google, na wao hutoa toleo jipya la mfumo kila mwaka. Mfumo wa fedha unaweza kukaa miaka kumi na mitano bila kuguswa sana. Programu ya simu isiyoguswa hata miaka miwili huanza kuharibika. Muuzaji aliyezoea mwendo wa kwanza anapouza kitu chenye mwendo wa pili, ndipo ahadi zake zinapokosea muda, hata akiwa na nia njema.

Apple, kisha Android

Tarehe 5 Mei 2016 Apple na SAP walitangaza ushirikiano, wakurugenzi wao wakuu wa wakati huo, Tim Cook na McDermott, kwa pamoja. IBM ilikuwa imeshatangaza wake na Apple mwaka 2014. Matokeo ya upande wa SAP yalitoka Machi 2017: seti ya kutengenezea programu za iOS kwa lugha ya Swift, pamoja na kanuni za muundo za Fiori kwa iOS. Ilikuwa na msaidizi ambaye ukimpa anwani ya huduma ya OData anasoma hati yake na kukuzalishia mradi wa Xcode, zana ya Apple ya kuandikia programu, wenye orodha na skrini za awali. Ni kazi nzuri kwa kweli. Mwandaaji programu anayejua Swift na hajui SAP hata kidogo anaweza kuanza siku hiyo hiyo.

Seti ya Android ilifuata 2018. Kwa nchi ambako mfanyakazi wa kawaida ana simu ya Android, na kishikwambi cha ofisini nacho mara nyingi ni cha Android, pengo hilo lilikuwa zito. Mteja wa Afrika Mashariki aliyesikia hotuba za 2016 na akaamua mara moja angejikuta ama ananunulia mafundi wake iPhone ama anasubiri. Tangazo la muuzaji hupangwa kwa soko lake kubwa, na mtathmini wa soko jingine lazima alisome kwa kalenda yake mwenyewe.

Karibu na kipindi hicho ikaja Mobile Development Kit, MDK, ambayo naiona kama mrithi wa fikra za Agentry: programu inaelezwa kwa data ya maelezo, kanuni zinaandikwa kwa JavaScript, mabadiliko yanashushwa kwenye simu bila kupitia duka. Ndani yake kuna NativeScript, zana inayoendesha JavaScript kama programu ya kawaida ya simu. SAP Asset Manager, programu ya oda za kazi iliyokuja kuchukua nafasi ya Work Manager, imejengwa juu yake. Kwa kigezo nilichokitaja, hiyo ni dalili njema.

Ila kuhama kutoka Work Manager kwenda Asset Manager hakukuwa kubofya na kuendelea. Kampuni zilizokuwa zimeongeza skrini, kanuni na ukaguzi wao ndani ya Agentry zililazimika kuviandika upya. Zilizokuwa zimeweka ukaguzi huo ndani ya SAP, nyuma ya huduma, zilihama na mzigo mwepesi zaidi. Huu ndio uamuzi wa mwanzoni niliousema. Kanuni kwamba oda ya mashine hatari haifungwi bila jina la msimamizi wa usalama inaweza kuandikwa kwenye skrini ya simu, na itaonekana inafanya kazi sawasawa. Ikiandikwa kwenye huduma, itaendelea kufanya kazi kwa kila programu itakayokuja baadaye.

Hukumu ya London

Lipo jambo ambalo tathmini nyingi za kiufundi huliruka kwa sababu liko mezani kwa wanasheria. Februari 2017 Mahakama Kuu ya Uingereza ilitoa hukumu katika shauri kati ya SAP na Diageo, kampuni ya vinywaji ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa mwenye hisa nyingi wa East African Breweries. Diageo ilikuwa imejenga mifumo miwili juu ya Salesforce, huduma ya kampuni nyingine ya kusimamia mauzo na wateja kupitia intaneti: mmoja wa wawakilishi wa mauzo wanaotembelea wateja, mwingine wa wateja wenyewe kuweka oda. Yote miwili iliwasiliana na SAP kwa nyuma. SAP ilidai kwamba watu hao wanatumia SAP, japo hawajawahi kuiona skrini yake, na madai yake yalizidi pauni milioni 54. Mahakama ilikubaliana na SAP kuhusu dhima ya kulipa; kiasi chenyewe hakikuamuliwa katika hukumu hiyo.

Wateja wa SAP duniani kote walishtuka, na walikuwa na haki ya kushtuka. Aprili 2018 SAP ilitoa mfumo mwingine wa malipo, unaohesabu nyaraka zinazoundwa kwenye mfumo kutoka nje, kwa aina tisa za nyaraka, badala ya kuhesabu kila mtu aliye upande wa pili.

Hukumu hii ilibadili hesabu ya mjadala wa jukwaa. Kabla yake, mtu aliyesema tutatengeneza programu zetu kwa zana za kawaida na kuunganisha na SAP kwa OData alidhani ameokoa gharama ya leseni. Baada yake ilibidi aulize: oda elfu hamsini zitakazoingia kwa mwezi kutoka kwenye simu za wauzaji wetu zitahesabiwa vipi? Kwa hiyo tathmini ina hesabu mbili tofauti, ya leseni ya jukwaa na ya leseni ya kuifikia data, na muuzaji anaweza kuachia ya kwanza kwa punguzo kubwa akijua ya pili ipo.

2021 na kuendelea

Mapema 2021 SAP iliinunua AppGyver, kampuni ya Finland yenye zana ya kutengeneza programu kwa kuburuta vipande bila kuandika msimbo. Novemba 2022 ikaingizwa ndani ya SAP Build kwa jina la SAP Build Apps. Majina ya wingu la SAP, ambako huduma zake za simu zinaendeshwa, yalikuwa yameshabadilika pia: HANA Cloud Platform, kisha SAP Cloud Platform, kisha Business Technology Platform. Huduma za simu zimehama nalo kila jina lilipobadilika.

Kuhusu zana za kuburuta vipande sina mengi. Zinafaa kwa fomu za ndani na majaribio, na programu zake huandikwa na watu ambao baadaye huhama idara. Swali lile lile la mantiki kukaa wapi linarudi, safari hii kwa ukali zaidi, kwa sababu aliyeburuta vipande mara nyingi si mtu wa kufikiria huduma ya nyuma.

SAP haiko peke yake katika mzunguko huu. Microsoft iliinunua Xamarin, zana ya kutengenezea programu za simu, mwaka 2016 na kusitisha msaada wake tarehe 1 Mei 2024, wateja wakielekezwa kwenye .NET MAUI, mrithi wake. IBM nayo ilinunua jukwaa lake la simu, Worklight, mwaka 2012. Ukiweka nembo nyingine mahali pa SAP, sehemu kubwa ya uchambuzi huu inasimama vile vile.

Ningeamuaje

Kwa kampuni yenye SAP leo, ningegawa mahitaji kabla ya kukutana na mtu wa mauzo. Kuidhinisha na kutazama: Fiori kwenye kivinjari, bila kununua jukwaa la simu. Mafundi na watu wa ghala wanaofanya kazi bila mtandao: hapo jukwaa la SAP linastahili fedha yake, kwa MDK au seti za iOS na Android, kwa kuwa kusawazisha data ya SAP kwa usalama ni kazi ngumu na wao wameshaifanya kwa miaka mingi. Kampuni ndogo inayojaribu kuandika usawazishaji wake yenyewe kwa kawaida huishia kugundua tatizo la oda iliyofungwa ofisini baada ya fundi wa kwanza kupoteza kazi ya siku nzima. Programu za wateja wa nje, raia anayelipia maji au mwenye duka anayeagiza soda: nisingetumia jukwaa la muuzaji. Hizo zinahitaji kasi ya kubadilika ya soko la kawaida na waandaaji programu unaoweza kuwapata Dar es Salaam au Nairobi kwa tangazo la kawaida la kazi. Ila hesabu ya nyaraka iwe imeshaandikwa kwenye mkataba kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo.

Suala la watu nalipa uzito kuliko wengi wanavyolipa. Mwaka 2012 aliyejua MBO au Agentry alikuwa adimu na ghali, na mkataba wake ulipoisha aliondoka na ujuzi wote. Lugha za Swift, Kotlin (ya Android) na JavaScript zinafundishwa kila mahali. Jukwaa linalomruhusu kijana mwenye ujuzi wa kawaida kuanza kazi ndani ya wiki chache lina faida ambayo haionekani kwenye jedwali la kulinganisha bei, lakini inaonekana mwaka wa tatu.

Ndani ya mkataba ningetaka mambo machache yaandikwe: tarehe ya mwisho ya matengenezo ya toleo tunalonunua, umiliki wetu wa huduma zote za OData zitakazotengenezwa na mshauri, na sharti kwamba kanuni za biashara zikae kwenye huduma, si kwenye programu ya simu. Washauri hawalipendi sharti hili la mwisho kwa sababu linawaongezea kazi mwanzoni, na skrini huchelewa kuonekana.

Kisha, kabla ya malipo ya mwisho, ningefanya jaribio moja. Mwite mwandaaji programu asiyehusika na mradi. Mpe anwani ya huduma ya oda za kazi, jina na nywila ya majaribio, basi. Asipewe zana ya muuzaji wala msimbo wa programu iliyotengenezwa. Atengeneze skrini moja, kwa zana yoyote anayoipenda, inayoonyesha oda na kuifunga moja. Akifunga oda ya mashine hatari bila jina la msimamizi wa usalama na mfumo ukamruhusu, kanuni hiyo imeandikwa kwenye skrini ya simu, na mshauri arudishwe kazini kabla hajalipwa.